Siku Kumi na Moja Nilizoandika Kwamba Huumwi

Chang'ombe, Jumapili ya pili ya Mei. Asubuhi: mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri, hakuna upepo.

Mama yangu,

Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike, na leo ndiyo nakuandikia mara ya kwanza. Nimechelewa kwa sababu jambo ninalotaka kukuambia nilishindwa kuliandika hata kwenye shajara yangu mwenyewe.

Unalikumbuka daftari la kijani. Ulikuwa umerudishwa nyumbani kutoka wodini, saratani imekwishaingia kwenye mifupa ya kiuno, na daktari alikuwa akifanya utafiti wake: mgonjwa anayekunywa mofini ya kutuliza maumivu nyumbani anahitaji kiasi gani, na je, ataizoea ashindwe kuiacha? Kila mgonjwa alitakiwa awe na ndugu anayejua kuandika. Mimi nilikuwa karani palepale hospitalini, nimemaliza kidato cha nne, mwandiko wangu unasomeka. Akanikabidhi daftari, akasema, "Ndugu, andika anachosema mgonjwa. Usiandike unachofikiri wewe." Nililipenda agizo lile.

Basi kila siku saa moja asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nilipiga magoti kando ya kitanda chako, kalamu mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Umeamkaje?"

"Salama, alhamdulillahi. Mie sijambo."

"Na maumivu?"

"Tunamshukuru Mungu. Mumeo kaamkaje?"

Nami kwenye safu ya maumivu nikaandika: Hakuna.

Siku moja ulinichungulia ukacheka. "Karani wa serikali, ushaniandika? Basi andika na kwamba chai ya nyumba hii leo siku ya tatu haina sukari. Labda huyo daktari wako atatusogeza mbele kwenye foleni ya duka la ushirika." Nilicheka hadi nikachelewa kazini.

Baada ya wiki daktari alipitia daftari, akafurahi. Akapunguza dawa, kutoka vijiko viwili hadi kimoja. Nilikuletea habari hiyo kama zawadi. Ukasema, "Kama wamesema wenye elimu yao, sawa."

Siku ya kumi na moja Bi Mwajuma wa chumba cha mbele, aliyekuwa akikufulia, aliniita uani. Alishika khanga yako. Pindo lote lilikuwa limetafunwa.

"Hii umeiona?"

"Panya?"

"Panya! Panya ni mama yako. Ukishatoka kwenda kazini anaing'ata asipige kelele."

"Lakini Bi Mwajuma, mimi namuuliza kila asubuhi. Anasema hajambo."

"We mtoto we! Mtu kaamkiwa na mwanawe, ulitaka aitikie nini? Hata anayekata roho akiamkiwa huitikia. Shule yote hiyo, hawakukufundisha kuuliza mara ya pili?"

Nilirudi ndani. Sikupiga magoti. Nilikaa kitandani, nikakushika mguu. "Mama, sikuamkii. Nakuuliza tu. Panauma?"

Uligeukia ukutani. "Panauma, mwanangu. Hata nikipumua panauma. Ila ulikuwa unakuja na daftari lako, uso umekunjuka. Ningeanzia wapi?"

Nilikwenda hospitali mbio. Njiani nilikuwa nimepanga kusema, "Nimekosea kuandika." Nilipofika nikasema, "Mama amezidiwa." Daktari akarudisha vijiko viwili, akaongeza na nusu, na kwenye jalada lako akaandika kwamba ugonjwa umepanda ghafla. Sikumsahihisha. Niliona aibu kuonekana karani asiyejua kazi yake. Ulipokufa, wiki tano baadaye, alikuja kunipa pole na kunishukuru kwa daftari safi.

Tangu hapo asubuhi zimekuwa ngumu kwangu. Nikipita wodini muuguzi akisema, "Hamjambo?", wodi nzima huitikia, "Hatujambo!" na mimi huisikia sauti yako humo, leo kitanda cha dirishani, kesho kitanda cha mlangoni. Nami hugeuka kutazama. Kila mara hugeuka.

Juzi Ijumaa daktari alinipa boksi la madaftari yote ya utafiti, niyanakili kwenye karatasi safi. Anataka kuandika mwongozo wa zahanati. Sentensi ya kwanza alikuwa ameshaiandika: wagonjwa wetu hutosheka na dozi ndogo. Nilianza na la kwako. Nikafungua la pili, la tatu, la kumi. Asubuhi zote: hakuna, hajambo, anashukuru. Yote yameandikwa na watoto, wakwe, wajukuu. Wote wameamkia kwanza, kisha wakaandika walichoitikiwa.

Jana nikaenda ofisini kwake.

"Ndugu Daktari, daftari la mama yangu si la kweli."

"Hakusema yaliyoandikwa?"

"Alisema. Nilimwamkia, akaitikia. Na hawa wengine wameamkiwa vilevile."

Alivuta daftari moja, akavuta jingine. Akakaa. "Kwa hiyo pale nilipowapunguzia dawa..." Halafu akaniuliza, "Mbona hukuniambia wakati ule?"

"Niliogopa."

"Na sasa?"

"Bado naogopa."

Alichukua kalamu, akaifuta ile sentensi kwa mstari mmoja mrefu. Kisha akaniomba nimwache peke yake. Sijui kama kesho nitakuta meza yangu bado ni yangu. Najua tu kwamba zahanati hazitapelekewa sentensi ile.

Sikuombi msamaha, mama, kwa maana najua utakavyonijibu, na jibu hilo silitaki tena. Ukinijia ndotoni nikakuamkia, usiitikie. Niambie panapouma.

Pumzika. Ni mimi mwanao, karani wako.

Kwenye daftari la daktari hapakuwa na safu ya usingizi, kwa hiyo naandika hapa. Siku ile uliporudishiwa dawa, ulilala saa nane na dakika ishirini mchana.