Hamkukosa Chakula?

Jumatatu, 3 Machi

Daftari, niwie radhi. Ukurasa wa mwisho ni wa Oktoba, na juu yake nimeahidi kuandika kila siku. Mwanafunzi angeniletea ahadi ya namna hiyo, ningemsimamisha nyuma ya darasa. Udhuru sina. Nilikuwa nasifiwa, na mtu anayesifiwa haandiki — anasikiliza.

Kazi iliyoniletea sifa imekwisha leo: ripoti ya mlo wa mchana shuleni. Taasisi ya utafiti wa uchumi ilinichukua nilipostaafu ualimu, niwe mhariri wa lugha. Wao wana hesabu, mimi nina viambishi. Mkuu wa utafiti ni Daktari — wa uchumi, si wa sindano. Nilimfundisha darasa la saba. Alikuwa hodari wa kila kitu isipokuwa "ambaye".

Saa nne ametuita ukumbini, akaonyesha jedwali la sita ukutani. Kata ya machimboni, ambako watu hugonga kokoto kwa nyundo kutwa: kaya tatu katika kila kumi zilikosa chakula mwezi ule. Kata ya sokoni, penye maduka na nyumba za ghorofa: saba. Daktari anaona ni jambo la ajabu na la kufurahisha. Watu wa machimboni wanagawana, anasema. Wa sokoni kila mtu na sufuria yake. Tayari amealikwa kwenye kongamano kuieleza siri hiyo.

Wizara ina chakula cha shule za kata moja tu. Sasa hivi kinapikwa machimboni. Itakaa kikao Alhamisi ya wiki ijayo, na ripoti yetu ikipokewa, muhula ujao masufuria yatahamia sokoni.

Makosa niliyosahihisha katika kurasa tisini: arobaini na moja. Yote ya wenzangu.

Nimerudi nyumbani kwa miguu. Nimekaa, nimesimama, nimekaa tena. Kuna kitu kama punje ya mchanga ndani ya kiatu. Sijui ni nini.

Jumatano, 5 Machi

Nimejua.

Asubuhi nilimwuliza mke wangu, "Hujameza dawa?" Akasema, "Ndiyo." Nikafunga kopo, nikaliweka juu ya kabati. Saa sita amepata kizunguzungu, akashika ukuta. Kumbe hakumeza.

Nilimkaripia. Ulisema ndiyo. Akanijibu akiwa amelala, macho amefumba: "Ndiyo, sijameza. Umeniuliza hujameza, nikakubali kwamba sijameza. Ulitaka nikupigie mstari?"

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana ungeniuliza hapana nini. Bwana Sarufi, uliza swali linaloulizika."

Nilibaki na bilauri mkononi. Yeye ndiye aliyesema sawa. "Ndiyo" huikubali sentensi kama ilivyo, hata ikiwa kanushi. Nimelifundisha jambo hilo miaka thelathini na minne.

Kisha likanijia swali la kumi na nne la utafiti wetu.

Nimetoa nakala yangu ya dodoso, lile ambalo wadadisi walipita nalo nyumba kwa nyumba. Rasimu yao ilisema: "Mwezi uliopita, mlikosa chakula?" Nilikata kwa kalamu nyekundu. Juu yake, kwa mwandiko wangu mzuri: "Mwezi uliopita, hamkukosa chakula?" Na pembeni: "Adabu. Mgeni haingii nyumba ya mtu akamtangazia njaa."

Chini yake kuna visanduku viwili. Ndiyo. Hapana.

Aliyekosa akasema, "Hapana, tulikosa," ameandikwa hapana. Aliyeshiba akasema, "Ndiyo, hatukukosa," ameandikwa ndiyo. Na jedwali la sita limehesabu kila ndiyo kuwa ni njaa.

Wiki iliyopita nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilitaka kuliandika hilo ili nisije nikalisahau.

Alhamisi, 6 Machi

Nimefika ofisini kabla ya mfagiaji. Mtakwimu, yule anayeyachambua majibu kwenye kompyuta, amenisikiliza akitafuna kifuniko cha kalamu. Hakushtuka. Watu wa takwimu hawashtuki, wanahesabu.

"Basi tugeuze, Mwalimu. Ndiyo iwe hapana, hapana iwe ndiyo. Dakika mbili. Wala hakuna atakayejua."

Moyo ulinirukaruka kama wa mtoto. Lakini ilikuwa mapema mno, na nilimwona ana njaa. Nikamwuliza, "Hujala?"

"Hapana, bado."

Tumetazamana. Mke wangu angesema ndiyo.

"Usigeuze," nikamwambia.

"Hapageuziki," akasema yeye, akakitoa kifuniko mdomoni.

Kutwa nzima nimekuwa kero ya watu. Mlinzi wa getini: hujachoka? Kinyozi: hujafunga? (Nimesimama ndani ya kibanda chake, wembe uko mkononi mwake. Amenitazama kwa huruma.) Wawili wa maktaba, jirani, mwuza magazeti. Nimewauliza watu ishirini. Kumi na watatu wamejibu kama mke wangu, saba kama mtakwimu. Mmoja kati ya wale kumi na watatu amejibu "eee", nikamwomba arudie, akaondoka.

Hakuna awezaye kujua nani machimboni alijibu kwa njia ipi. Dawa ni moja: kurudi na kuuliza upya.

Jumamosi, 8 Machi

Nimekwenda kwa Bi Penseli. Ni mdadisi wa zamani kuliko wote. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu haiamini tableti wanayojazia majibu. Hugusa kisanduku kama alivyoagizwa, kisha huandika kwa penseli, neno kwa neno, alichoambiwa. Alipewa kaya arobaini za machimboni.

Anakaa juu ya duka la mshona viatu. Nyundo inagonga chini, vikombe vinatikisika. Hakuniuliza nimefuata nini. Ameleta daftari, akalifungua penye alama.

"Soma mwenyewe, Mwalimu. Miwani unayo."

Kaya ya tatu: "Hapana. Juzi tulilalia maji ya moto." Kaya ya tisa: "Hapana mwanangu, tulikoza, ila usiandike kwa herufi kubwa." Kaya ya kumi na moja: "Ndiyo, mwezi ule mume wangu alipata kibarua, tulikula." Ya kumi na mbili: "Ndiyo, tulikosa sana."

Penye "tulikoza" mkono wangu ulikwenda mfukoni, kwenye kalamu nyekundu. Peke yake. Bi Penseli aliuona.

"Usiguse hata nukta."

Nikautoa mkono mtupu. Nikamwuliza kwenye tableti aliweka nini.

"Nilichoagizwa. Akisema hapana, gusa hapana. Nani aliagiza?"

Niliagiza mimi. Kati ya arobaini, ishirini na sita zilikosa. Tumehesabu mara mbili, yeye kwa vidole, mimi kwa macho.

"Siku ya mafunzo nilinyoosha mkono," akasema. "Nikakwambia swali hili lina milango miwili. Ulinijibu nini?"

"Kwamba sarufi yake ni safi."

"Hukusema hilo tu."

"Nilikwambia ukachonge penseli."

"Mbele ya watu." Alimimina chai, akanisogezea kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote. "Jungu kuu halikosi ukoko, Mwalimu. Kumbe halikosi na kosa."

Amenipa daftari. Ameliviringisha ndani ya mfuko wa nailoni kama mtu anayemfunga mtoto kanga. Mlangoni ameniuliza kama nitalipeleka. Nimesema ndiyo. Akasema, mara hii ndiyo ya kawaida au ile yako?

Jumatatu, 10 Machi

Daktari amenipokea vizuri. Shikamoo, kiti, pole na jua. Amesoma daftari akiwa amesimama. Alipofika kaya ya tisa aliketi.

"Arobaini tu, Mwalimu. Kati ya kaya mia sita."

"Ndiyo maana nasema turudi tukaulize zote."

"Wiki sita. Wizara inakaa Alhamisi."

"Iombwe isubiri."

Dirishani kwake kuna mmea mmoja, majani yamegeukia kioo. Kisha ameniambia, sauti chini, kwamba kamati ya uprofesa inakutana mwezi huu, na kitu wanachokisoma ni jedwali la sita. Kongamano vilevile. Miaka tisa alikuwa anabeba mafaili ya wengine.

"Tutaweka tanbihi," akasema. "Chini ya jedwali. Kwamba swali huenda lilieleweka tofauti."

"Watoto hawali tanbihi."

Nililisema haraka, nikajutia ukali wake. Amefunika daftari, akalaza kiganja juu yake.

"Swali ni lako. Nililiona, nikasita kidogo, nikalipitisha kwa sababu mwandiko ulikuwa wako. Tangu nikiwa na miaka kumi na mitatu sijapata kuusahihisha mwandiko ule."

Baadaye: "Sikukatazi kwenda wizarani. Wala sikutumi."

Nimeshuka ngazi nikiwa nimeshika ukuta, kama mke wangu Jumatano.

Jumanne, 11 Machi

Barua kwa wizara. Nimeiandika mara nne.

Ya kwanza: "Swali lilikosewa." Na nani? Ningekuwa nasahihisha ningeandika pembeni: mtenda yuko wapi? Kauli ya kutendwa ni pango zuri la kujifichia.

Ya pili: "Tulikosea." "Tu-" ni nafsi ya wingi, inatosha watu wengi, hata Bi Penseli ambaye hakukosea.

Ya tatu sitainakili.

Ya nne: "Mimi nilikosea swali la kumi na nne." Maneno saba. Nimemsomea mke wangu. Ameuliza kama Daktari ana watoto. Sina hakika. Miaka yote hii, na sikuwahi kuuliza.

Ameniambia nimeze kitu, sijala tangu asubuhi. Hajaniuliza kwa kukanusha. Tangu wiki iliyopita hatuulizani hivyo humu ndani.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika gotini, kwenye benchi nje ya ukumbi wa wizara, ghorofa ya pili. Kikao kilianza saa tatu. Barua iko mfuko wa ndani wa koti, daftari la Bi Penseli liko mapajani, bado limo ndani ya nailoni yake.

Daktari amepita saa tatu kasoro. Ameniona. Alisimama, akainama kidogo, akaniamkia. Nikaitikia marahaba. Nilidhani atasema neno. Aliinyoosha kola ya koti langu, iliyokuwa imekunjika upande mmoja, akaingia.

Mlango ni mwembamba. Namsikia akisoma. Jedwali la kwanza. La pili. Anasoma vizuri, anameza mate mahali pa nukta, kama nilivyomfundisha. Ameanza la tano. Amesoma "wazazi ambao", na amepatia.

Karatasi imefunuliwa.

Katibu muhtasi amefungua mlango nusu, kichwa nje. "Mzee, huingii?"

Nimemjibu, "Ndiyo."

Ameitikia kwa kichwa, kwa upole, akaurudisha mlango.

Ndani, kiti kimeburutwa. Daktari amesema "jedwali la sita", kisha amesita. Sisikii kinachofuata. Mkono wangu uko mfukoni. Karatasi imepata joto la mwili.

Daftari, nakufunika. Nikishaamua nitakuandikia, nami nitaandika sentensi yakinishi.