Watatu wa Sindano

Tanga, 8 Machi 1998

Mwanangu Kauthar,

Assalaam aleykum. Natumai huko Guangzhou u mzima na biashara inakwenda. Sisi hapa Ngamiani hatujambo, ila goti la mama yako limeanza tena, na juu ya hilo amenuna. Amenuna kwa sababu ya gari, na ndilo lililonikalisha kukuandikia.

Unakumbuka nilivyokuwa nikikusimulia habari za Sindano? Ni ile motokaa ndogo ya Anglia tuliyoitia mashine ya gari kubwa la Zephyr, ya silinda sita, tukashindana nayo kwenye kiwanja cha ndege cha shamba la mkonge. Magari mawili yanasimama sambamba, bendera ikishuka yanafyatuka, robo maili moja kwa moja, hakuna kona. Mimi fundi bodi, Haroun fundi mashine, Burhani dereva. Maisha yakatutawanya, Sindano ikakatwakatwa ikauzwa chuma chakavu.

Sasa ami yako Burhani amepofuka. Sukari imemla macho yote mawili. Nilikwenda kumjulia hali, akaniambia, "Msabaha, siku hizi kila ninachokiona ni cha zamani, na zaidi naiona Sindano." Kesho yake nikaanza kutafuta gari la kuifufua.

Basi nimepata bodi la Anglia kule Korogwe, magugu yameota mpaka ndani. Liko uani, na kuku wa mama yako wameshahamia. Mashine yetu ileile Burhani aliinusuru, iko stoo kwake ndani ya gunia. Lakini pistoni zimekwisha, na ule mkono wa kushikia kabureta tatu kwenye mashine, aliouunda Haroun, haupo. Nitafutie huko, mchoro wa pistoni nimeutia humu. Haroun mwenyewe alipanda meli zamani, wewe hujaanza shule, hatujamsikia tena.

Mimi baba yako,
Msabaha

Guangzhou, 2 Mei 1998

Baba yangu,

Shikamoo, na mama mpe shikamoo yake, mwambie apake mafuta ya karafuu gotini. Mimi mzima, ila mvua za huku hazina adabu, nguo naanua zinanuka ukungu.

Asubuhi niko Zhanqian kwenye maduka ya nguo, nabishana bei na malaoban, ndivyo tunavyowaita matajiri wa maduka. Jioni nazunguka na mchoro wa pistoni yako. Kila mmoja ananipungia mkono: "Meiyou." Hakuna.

Ijumaa iliyopita nilikuwa nje ya msikiti nikimlalamikia Rahim, mfanyabiashara mwenzetu kutoka Unguja, habari za bodi lako na pistoni. Mzee mmoja mwembamba aliyekuwa akivaa viatu akageuka.

"Nani anayetaka pistoni za Zephyr?"

Kiswahili cha kwetu kabisa, baba. Nikamwambia ni mimi.

"Wewe mtoto wa nani?"

"Wa Msabaha, fundi bodi, wa Ngamiani."

Akakaa palepale kwenye ngazi. Kisha akasema, "Mwambie babako hukuniona." Nikamwitikia, nikaanza kuondoka. Sijafika barabarani akaniita: "We! Hilo bodi dari lake zima?" Nikamwambia kuku wanalala ndani. Alicheka mpaka kikohozi kikamshika.

Ndiye ami Haroun. Alishuka meli Hong Kong, akahangaika huko miaka, kisha akavuka kuja huku. Sasa anafanya kazi kwa wakala mmoja bandarini Huangpu, anasimamia makontena yakipakiwa. Nilimuuliza kwa nini hakuandika hata mara moja. Akasema, "Niliwaaga kwa majigambo mengi, mwanangu. Nilikuwa nangoja nipate cha kurudi nacho."

Ananiuliza habari zenu kila tunapoonana. Nimwambie nini?

Binti yako,
Kauthar

Tanga, 19 Julai 1998

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako goti limepoa, na tangu aliposikia jina la Haroun kuku amewahamisha mwenyewe.

Barua yako nimemsomea Burhani mpaka ameishika kwa moyo. Nikifika pale "nani anayetaka pistoni za Zephyr" ananipiga paja. Mwambie Haroun hatutaki zawadi wala maelezo. Tunamtaka yeye. Tumekubaliana mashine haiwashwi mpaka awe amesimama pale. Burhani amemrekodia kaseti kwa redio ya jirani yetu Gaudiosa, utaikuta ndani ya kifurushi.

Bodi nimelinyoosha na rangi ya manjano imeshika. Ila Burhani ana kidonda mguuni, hakitaki kupona. Mwambie Haroun asichelewe.

Baba yako

Guangzhou, 25 Oktoba 1998

Baba,

Shikamoo. Afya yangu njema. Nawaombea nyote, na ami Burhani zaidi.

Kaseti tuliisikiliza chumbani kwangu. Ami Burhani anaiga mlio wa mashine kwa mdomo, halafu anasema, "Haroun, ile silinda ya tatu ilikuwa ikikosa pumzi, unakumbuka?" Ami Haroun akaijibu redio: "Haikuwa ya tatu, ilikuwa ya pili! Bishi wewe!" Kisha akageukia ukutani, nami nikajifanya nachemsha chai.

Kesho yake aliomba ruhusa bandarini. Ule mkono wa kabureta alikuwa nao wote kichwani. Aliuchonga kwanza kwa mti, tukaupeleka kiwanda kidogo nje ya mji wanakoyeyusha na kusubu aluminiamu. Tajiri wa pale alimtazama mzee wa Kiafrika na kigogo chake, akacheka. Mara ya kwanza ulitoka na ufa. Ami akaukataa, wakakaripiana, kila mtu kwa lugha yake. Wa pili ulitoka safi. Pistoni nazo zimechongwa hapohapo, yeye amesimama juu ya fundi kama askari. Vyote vimo ndani ya kontena langu katikati ya suruali za jinzi. Alivifunga kwa khanga yangu, hakutaka mtu mwingine aviguse.

Na anakuja, baba. Pasi yake iliisha muda zamani, ameomba karatasi za safari ubalozini Beijing. Amenunua viatu vipya, anavivaa chumbani ili miguu ivizoee. Kikohozi tu ndicho kinachonitia wasiwasi. Nimempeleka hospitali, ananiambia wamemwambia anywe maji ya moto.

Binti yako,
Kauthar

Guangzhou, 14 Februari 1999

Baba yangu,

Kaa kwanza, na mama akae nawe.

Ami Haroun ametutoka, baada ya Idd. Ilikuwa mapafu, yeye alijua tangu mapema, sisi hatukujua. Nimepiga simu dukani kwa Gaudiosa tena na tena, laini haishiki. Ndiyo maana habari hii unaisoma kwenye karatasi.

Karatasi zake za safari zilipotoka alikuwa ameshalazwa. Nilimpelekea kitandani. Akaitazama picha yake, akasema, "Huyu mzee watamkataa uwanja wa ndege." Halafu akanishika mkono. "Waambie waiwashe. Kidonda cha Burhani hakina subira. Wasiningoje mimi."

Rahim alisimamia kuoshwa na kila kitu. Wakongo wa jengo alilokuwa akikaa walikuja na fulana zao nyeusi, Wakristo wale, wakasimama nje ya makaburi ya Waislamu mpaka tukamaliza. Mvua ilikuwa nyembamba. Watu waliniuliza mimi ni nani wake, nikasema mtoto wake. Sikuona la kusema jingine.

Kauthar

Tanga, 11 Aprili 1999

Mwanangu Kauthar,

Assalaam aleykum. Mungu akulipe kwa uliyomfanyia ndugu yangu. Mama yako mzima. Mimi mzima wa mwili. Kontena lako lilifika, na fundi mmoja wa hapa alikwishazifunga pistoni na ule mkono.

Barua yako ilinikuta nikitoka hospitali. Walikuwa wamemkata Burhani vidole vya mguu wa kushoto. Niliiweka mfukoni. Kila siku nikasema kesho nitamwambia. Alipotoka akasema, "Twendeni uwanjani. Haroun amefika?" Ulimi wangu ukasema, "Amefika Dar, atatukuta hukohuko."

Shamba la mkonge walitufyekea majani, na watu wakaja kutazama mbio. Nilimkalisha Burhani kwenye usukani, akawasha. Mashine ilishika mara moja, Kauthar, ikanguruma mpaka kifua changu kikatetemeka. Burhani akatoa kichwa dirishani.

"Haroun! Unaisikia?"

Akaita tena.

"Haroun!"

Akazima mashine. Akakaa, mikono kwenye usukani.

"Msabaha," akasema, "Haroun hajapata kusimama karibu na mashine akanyamaza. Amekufa lini?"

"Baada ya Idd el Fitri."

"Nani alimzika?"

"Kauthar alikuwepo."

"Basi mtoto alikuwepo," akasema. "Nisomee."

Nikaitoa barua mfukoni, nikamsomea yote. Nilipomaliza akasema, "Ingia. Nielekeze."

Klachi akaikanyaga kwa kisigino. Nikawa namwambia kulia kidogo, kushoto kidogo, sawa. Gia ya kwanza, hakupandisha nyingine. Sindano iliyokuwa ikiumaliza uwanja ule watu hawajafumba midomo, tuliiendesha pole kama wanaosindikiza jeneza, na wale waliokuja kutazama mbio wakatoka pembeni kwenye majani wakatufuata nyuma kwa miguu, mmoja mmoja, mpaka mwisho wa uwanja.

Hapo akazima. Tulikaa ndani mpaka jua likaanza kutuchoma.

Baba yako,
Msabaha