Usije Kufungua Mzinga

Kansanga, Kampala

Mdogo wangu Kioko,

Usipande basi. Neno hilo nimelitanguliza mbele ya salamu ili barua hii hata ikichanika njiani, kipande cha juu kikufikie. Mama akisikia nimeanza barua kwa amri atasema Kampala imeniharibu adabu. Mwambie ni kweli.

Sasa salamu. Hamjambo nyote? Goti la Mama linaendeleaje? Wifi yangu amejifungua, au bado anawahesabia watu miezi ya uongo? Na mvua je, imeshika huko Kitui au mnaitazama tu ikipita? Mimi mwili ni mzima. Cherehani inakwenda, ingawa nyuzi zinatafutwa kama dawa na sukari tumeshasahau rangi yake. Usingizi ndio sina, na sababu ni wewe na ule mzinga wako.

Bado nakaa katika kile chumba cha uani, nyuma ya nyumba kubwa ya wale Wahindi walioamriwa kuondoka nchini. Aliyepewa nyumba baada yao alipiga kufuli akaenda zake, na mpaka leo hatujamwona. Zamani ule uwanja ulikuwa na mtu wa kuukata nyasi, fupi kama kichwa cha kuruta. Alipoondoka nikasema nitafyeka mimi. Nikafyeka mara moja, mgongo ukanikatalia, nikaacha. Kumbe kuacha ndiko kulikotakiwa. Kishonanguo kikachanua, nyasi zikanifika kiunoni, ndege chozi wakaja kunyonya maua ya ua wa nyuma, vyura wakahamia kwenye karo lililopasuka, na nguchiro mmoja akajifanya ndiye mwenye nyumba. Nikaongeza alizeti na mbaazi. Majirani wanaona kichaka, mimi naona kwetu.

Maua yalipokuwa mengi nyuki wakaja wenyewe, ndipo nikakuomba mzinga. Ulinicheka, ukauliza tangu lini mwanamke wa ukoo wetu akafuga nyuki. Lakini ukauchonga, ukauchoma alama yako, mistari miwili na upinde juu yake, ukautuma kwa basi hadi huku, na utingo akautoza nauli ya ngoma. Ukaniwekea sharti nisiufungue, utakuja kurina mwenyewe mvua zikiisha. Nilikubali. Mwanamke kurina asali kwetu ni mwiko, nami sikutaka vita na Mama. Nikamlipa fundi wa paa akaupandisha kwenye mparachichi, nikawa kila jioni naketi juu ya ndoo iliyopinduliwa nikiwatazama wakirudi na chavua miguuni. Wengine hapa Kansanga wanakwenda baa. Starehe yangu ilikuwa hiyo, na haikumkosea mtu.

Sasa sikia. Upande wa pili wa ua anakaa Sajini, askari wa kutoka kaskazini, na mkewe Mama Rajabu. Mume anakwenda msikitini, mke kanisani, watoto wanakula sikukuu zote mbili. Si watu wabaya. Siku moja Sajini akasimama chini ya mparachichi, mikono kiunoni, akaniita.

"Mama Cherehani, hii kitu iko juu ya muti ni nini?"

"Mzinga wa nyuki, afande."

"Na hii maandishi?"

"Si maandishi. Ni alama ya mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

Kioko, wewe unajua tulivyolelewa. Mtu hasemi mzinga wa mwenzake ni wake hata akiwa ameshikiwa panga, kwa sababu anayejitwalia mzinga ni mwizi wa asali, na mwizi wa asali kwetu hana wa kumtetea. Nilijibu kama nilivyofundishwa. Nikasema ni wa ndugu yangu. Akauliza yuko wapi, nikasema Kenya. Akauliza anakuja lini, nikasema mvua zikiisha. Akauliza anakuja kufanya nini, nikasema kuufungua. Mdomo wangu haukusimama popote.

Sajini akatazama mzinga, akatazama kile kichaka, akanitazama mimi.

"Mutu ya Kenya anatuma alama," akasema polepole, "halafu anakuja kufungua. Hii maneno si muzuri, Mama Cherehani."

"Ni asali tu, afande."

"Mimi lazima nitaambia wakubwa. Kama mimi siambii, mutu mwingine atasema Sajini alinyamaza."

Naye alikuwa anaogopa, nilimwona. Hapa siku hizi Mkenya akipiga chafya anaulizwa anamwashiria nani, na jirani aliyeisikia anaulizwa kwa nini hakusema. Waliosema fuata nyuki ule asali hawakusema ufanyeje ukifuatwa wewe.

Wakaja. Wanaume wawili wa mashati ya maua na miwani myeusi, gari limeachwa linanguruma barabarani. Hawakuniamkia. Walitaka jina lako, wakataka na basi utakalopanda. Mmoja akasema kwa sauti ya upole kabisa kwamba nisijisumbue kuja kukupokea, watakupokea wao. Wapo watu wa mtaa huu waliopokewa hivyo, na wake zao mpaka leo wanapeleka chakula kwenye mageti wanakoambiwa hapana mtu wa jina hilo.

Basi nikasema umekufa.

Sikupanga. Lilitoka tu. "Ndugu yangu amekufa, afande. Habari imenifikia leo." Yule mpole akageuka kumtazama Sajini, maana Sajini ndiye aliyewaambia kwamba unakuja. Sajini akafungua kinywa, na kabla hajatoa neno Mama Rajabu, aliyekuwa anaanika nguo ng'ambo ya ua, akatupa beseni chini akapiga yowe la msiba, lile refu la kwao, akavuka ua hivyo hivyo bila viatu akaniangukia shingoni. Wanawake wa jirani wakatoka. Katika kelele ile mimi pia nikalia, na nakuambia, kilio changu hakikuwa cha uongo. Nilikuwa nakuona umelala mahali nisipopajua.

Mpole akangoja tupungue, kisha akasema, "Kama mwenyewe amekufa, wewe ndiwe mwenye mzinga. Fungua."

Nimepanda mti, Kioko. Dada yako, na umri huu. Nilivaa koti la mvua na pazia kichwani, nikachukua magunzi yanayofuka moshi ndani ya kopo kama nilivyokuwa nikimwona marehemu Baba akifanya, nikafungua kifuniko mbele yao. Hapakuwa na redio ndani, wala bunduki. Palikuwa na masega meupe yamejaa mpaka ukingoni. Yule mwingine akampiga nyuki aliyemtua shavuni, na wewe unajua anayempiga mmoja ameuita ukoo mzima. Walikimbilia gari. Siku nyingine ningecheka mpaka niketi chini. Lakini mpole, mkono ukiwa umeshaanza kumvimba, akachungulia dirishani akasema, "Kama ni uongo, tutamwona kwenye basi."

Ndiyo maana nakuandikia usije. Kwaheri ya mvua iko karibu, na mimi nakujua, ukisema neno umeshafunga mzigo.

Matanga yako nimeyakalia. Ilinibidi. Waliniletea matoke, kuni, majani ya chai, na mtu mmoja alileta sabuni nzima, kitu ambacho hapa hata harusini hakitolewi. Kila mmoja aliuliza ulikuwa mtu wa namna gani, nami nikawaeleza: mchonga mizinga, mbishi, hodari wa kucheka watu. Kila nikisema "alikuwa" ulimi ulikuwa mzito kama nimeuchoma. Mama Rajabu alipika, akaosha vyombo, akaimba nyimbo za kanisani kwao. Siku ya mwisho alipokuwa anachukua sufuria zake aliniinamia sikioni.

"Dada," akasema, "ambia marehemu asipande basi."

Nilimshika mkono. Mpaka sasa sijui kama mumewe anajua. Sajini hupita asubuhi, ananisalimu pole kwa msiba, na jicho lake linakwenda juu ya mti. Nilimpa kopo la asali kwa ajili ya chai. Alilipokea. Mchovya asali hachovyi mara moja, na nilitumaini hilo litanilindia bustani, lakini aliniambia kichaka cha mbele nikifyeke, kisionekane barabarani. Nimekifyeka. Cha nyuma nimekiacha, na nguchiro amehamia huko. Kila nikisikia gari likipunguza mwendo nje, nasimamisha mguu kwenye kanyagio la cherehani, nangoja lipite.

Jambo moja linaniuma kuliko yote. Alama yako nimeikwangua kwa kisu, isije ikaulizwa tena. Kwetu anayekwangua alama ya mwenzake ni mwizi aliyeshikwa na kisu mkononi, najua, na nilikuwa nikiomba msamaha huku nakwangua. Mama asijue hilo, wala asijue nilisema umekufa. Atasema nimekuita kwenye kaburi kwa mdomo wangu mwenyewe, na nikiwa peke yangu hapa chumbani nami huliwaza. Kama una homa, kama umejikata kwa tezo ya kuchongea, kama kuna chochote, nenda hospitali, usiseme ni kidogo.

Anayekuletea koti hili ni mwanamke mwenzetu anayefanya biashara ya nguo. Hajui kuna barua, usimwambie. Nilimwagiza tu akuambie pindo la chini nimelishona vibaya, ulifumue, na kama unasoma haya basi ulinielewa. Koti ni la mtoto anayezaliwa, nimelishona kubwa alikulie. Kopo la asali alilolibeba ni la mzinga wako, mpe Mama aonje kwanza, sema aliyerina ni fundi wa paa. Barua uitie motoni leo hii.

Nisalimie Mama na goti lake. Msalimie wifi, mwambie nimemshonea na kitambaa cha kichwa, kimo mfukoni mwa koti. Msalimie mjomba anayechunga mbuzi wetu, na yule shangazi wa ng'ambo ya mto aliyesema sitaolewa nikifuga nyuki, mwambie hajakosea bado.

Nijibu upesi, lakini si kwa mkono wako. Wifi ndiye aandike, kwa jina lake, na barua za posta hapa hufunguliwa, kwa hiyo aanze kwa kunipa pole. Kisha aseme tu kwamba mizinga ya nyumbani inatunzwa vizuri. Nitajua ni nani anayeitunza. Wewe usiongeze hata neno pembeni, wala usichore alama yako, najua utatamani. Marehemu haandiki barua.

Ni mimi dada yako, niliyekulilia ukiwa hai na ninayekuomba uendelee kuwa hai,

Mwende