Swali la Saba kwenye Fomu ya Babu

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Ruhusa nimepata. Siku nne, kwa maandishi, na mhuri. Mkuu wa masjala yetu alisema mababu wa makarani wa Jinja hufa mara mbili kwa mwaka, angalau wangu anaumwa tu. Watu wakacheka. Nikacheka nao, sijui kwa nini.

Mikono ya Babu Bakhit imezidi kulegea. Asubuhi alidondosha kikombe cha chai, akautazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Miguu ndiyo ilianza, tangu Ramadhani. Daktari anashuku kuna kitu kinabana uti wa mgongo hapa shingoni. Bila picha ya MRI hakuna wa kuthubutu kupasua. Nafasi tuliyopata iko Mbale, kliniki ya mtu binafsi, Alhamisi saa tatu asubuhi. Mpasuaji atakuwepo huko hadi Ijumaa. Baada ya hapo, Januari.

Nilimwuliza daktari kama Januari ni mbali. Alifunga faili kwanza. Kisha akasema akingoja hadi Januari, mzee huenda asitembee tena.

Nimepewa fomu ya kujaza nyumbani. Maswali kumi na manne.

Jumanne, 4 Novemba

Tumejaza fomu barazani, hapa Bugembe. Jirani yetu Waiswa alikuwa amekuja kumjulia Babu hali, akabaki kusikiliza. Fomu ni ya Kiingereza. Nilikuwa nasoma na kumfasiria Babu kwa Kiswahili.

Una kifaa cha kusaidia moyo kupiga? Waiswa akadakia: huyu hata betri ya redio hanunui, moyo ataununulia? Una ujauzito? Babu akasema, andika bado. Hata mimi nilicheka. Muda mrefu sijamsikia Babu akitania.

Swali la saba. Una risasi au kipande cha chuma mwilini?

Kicheko kilimtoka Babu usoni chote. Kisha: hapana. Halafu tena, kwa sauti ambayo siijui — hapana, bwana.

Bwana. Mimi, Juwairiya, mjukuu wake wa kike. Waiswa akasema mzee amechoka, usimsumbue.

Nikatia alama. Swali la nane: jicho lako limewahi kuumizwa na chuma? Ana kovu kando ya jicho la kushoto. Wote nyumbani tunajua ni pembe ya mbuzi, zamani, alipokuwa fundi cherehani anayezunguka vijijini. Pembe si chuma. Hapana.

Masjala tuna msemo: fomu yenye pengo hurudi. Sikuacha pengo hata moja. Kalamu haishikiki mikononi mwake, nikasaini kwa niaba yake. Ilionekana kazi safi.

Jumatano, 5 Novemba

Mbale. Tunalala kwa Madinah, binamu ya mama. Nitaandika polepole.

Asubuhi kabla ya safari alipiga simu Norman, mtaalamu wa mashine ya MRI pale kliniki. Huwapigia wagonjwa wote siku moja kabla. Niliyaandika aliyosema neno kwa neno. Mzee aje bila saa, bila mkanda, bila pete, bila sarafu mfukoni. Meno ya bandia yatolewe. Atalala ndani ya bomba jembamba kama nusu saa, asijitikise. Kutakuwa na kelele kama nyundo juu ya bati, atapewa vizibo vya masikio na kitufe cha kubonyeza akishindwa. Haiumi. Lakini ile ni sumaku, akasema, na sumaku haina kulala. Hata mashine ikinyamaza, inavuta. Kama kuna chuma karibu na jicho, kinaweza kusogea, na jicho likaenda nacho. Mwezi juzi alimrudisha mchomeleaji mmoja mlangoni. Alikuwa ameandika hapana kila mahali.

Nilimrudia Haboba maneno hayo akiwa anakunja nguo za Babu. Haboba Ramula, yaani bibi yangu, mke wa Babu. Aliacha kukunja. Akaketi juu ya kitanda, juu ya zile nguo.

Akasema si mbuzi.

Babu hakuwa fundi cherehani. Alijifunza cherehani baadaye. Alikuwa askari wa jeshi la zamani, kijana wa miaka ishirini na mmoja, na mwaka wa sabini na tisa, jeshi hilo liliposhindwa vitani, alifika kwao Haboba jicho likiwa limefungwa kitambaa. Bomu lilipasukia karibu. Bibi mmoja alimtoa vipande kwa koleo ya mkaa, alivyoviona. Vingine vilibaki. Kimoja kiko begani, kinashikika kwa kidole. Kama kuna cha jichoni, Haboba hajui.

Nikamwuliza kwa nini Babu hakusema. Miaka arobaini na sita!

Akasema Babu alikuwa na ndugu, Asadu. Sijawahi kulisikia jina hilo nyumbani kwetu. Walikuwa wakitoroka pamoja kwa miguu, wamevaa nguo za raia. Kwenye kizuizi watu wenye bunduki waliuliza kila mwanamume, kwa Kiswahili: una risasi mwilini? Mwenye jeraha ni askari. Asadu alikuwa na risasi pajani, na maumivu, na alidhani wanatafuta wa kupeleka hospitali. Akasema ndiyo, bwana, akapelekwa nyuma ya kizuizi, hakurudi. Babu alikuwa nyuma yake kwenye mstari, na kofia imefunika jicho. Akasema hapana, bwana.

Haboba aliendelea kunyoosha mkunjo mmoja wa shuka ambao haukuwepo.

Nikasema lazima kliniki wajue. Akasema wajue, ila isiwe kutoka kwake. Babu hajui kwamba yeye anajua habari za Asadu. Alizisikia Babu alipoweweseka kwa homa, usiku mmoja, akazimeza. Nimeapa sitamtaja.

Na mimi nilimwuliza kwa maneno yale yale. Mbele ya jirani. Na karatasi mkononi.

Alhamisi, 6 Novemba

Niko kwenye benchi la kliniki. Saa nne kasorobo.

Babu alishavalishwa gauni la mgonjwa. Norman ni mtu mkubwa, mpole, ana utani. Alikuta hirizi kwenye mkono wa Babu. Akauliza ndani iko nini. Qur'ani, akasema Babu. Na nje? Bati. Basi mzee, Qur'ani iko moyoni itaingia na wewe, bati itangoja na mama hapa. Babu akatabasamu, akaivua, Haboba akaipokea.

Nilidhani nitapata nafasi ya faragha. Haikupatikana. Kiti cha magurudumu kilikuwa tayari kimegeuzwa kuelekea mlango wa chumba cha sumaku. Nikasema. Nilisema majibu ya swali la saba na la nane si kweli, huenda kuna vipande vya bomu mwilini, nilijaza bila kujua.

Norman hakukasirika. Alisema asante, dada. Akarudisha kiti nyuma hatua tatu. Kwanza eksirei ya macho, dakika kumi tu. Ikiwa safi, tunaendelea. Ikiwa na chuma, hakuna MRI, atapigwa CT, picha yake si nzuri kama hii lakini mpasuaji ataitazama. Ila mzee mwenyewe akubali, na fomu ijazwe upya.

Kisha akainama kwa Babu, kwa heshima yote, akasema: Afande, ulipigwa wapi?

Babu alisimama. Babu, ambaye hajasimama peke yake tangu Ramadhani. Mikono ubavuni, gauni limefunguka mgongoni. Akasema: mimi ni fundi cherehani. Norman alimdaka kabla hajaanguka.

Eksirei amekataa. Norman ametupa mpaka saa nne na nusu, kuna wagonjwa wengine. Mpasuaji yuko ghorofa ya juu. Haboba ameketi mkabala nami na hirizi mapajani, macho sakafuni.

Babu ameniuliza nani aliniambia. Nikasema nimekisia. Akasema karani hakisii.

Fomu mpya iko magotini mwangu, chini ya daftari hili. Nimejaza maswali yote isipokuwa mawili.

Sasa hivi Babu amenong'ona. Hakusema hapana. Ameuliza: ukiandika ndiyo, hiyo karatasi inakaa wapi?

Jibu nalijua. Ndiyo kazi yangu. Inawekwa kwenye faili, faili linapewa namba, na halitupwi. Yeyote mwenye ruhusa anaweza kulifungua, hata baada ya miaka arobaini.

Nikimwambia kweli, atakataa. Nikimdanganya, atakubali.

Norman ametokea mlangoni. Babu ameuliza tena.