Tawi la Mama Elida

Paysandú, Agosti, siku ya mvua

Kwa mama yangu mpenzi Mirta,

Shikamoo mama. Naomba barua hii ikukute umekaa karibu na jiko la kuni, kibuyu cha chai ya yerba mkononi na goti limetulia. Waendeleaje na baridi ya huko Tambores? Na dada Yanina, bado anagombana na yule jogoo? Mwambie nimemkumbuka leo nikikaanga maandazi, maana hapa mvua imetushika tangu asubuhi, na wewe ndiwe uliyetulea tukijua kwamba mvua bila maandazi ya mafuta ya ng'ombe ni dhambi. Mimi ni mzima, mama. Mzima kuliko nilivyowahi kuwa.

Ndoa ni tamu! Kwa nini hukuniambia? Wilmar hurudi kutoka kwenye banda la kupakia machungwa vidole vikinukia maganda, na kabla hajavua koti lake huja kunishika mashavu kwa mikono miwili, kana kwamba ana wasiwasi nimeyabadilisha mchana. Akitangulia kulala, hulala upande wangu wa kitanda ili nikija nikute pamepata joto, kisha huhamia kwenye baridi yake bila kusema neno. Majirani wanatucheka. Wanasema subirini mwaka upite. Acha wacheke.

Utajiuliza kwa nini nimeshika kalamu badala ya simu. Nisamehe mama, lakini kwenye simu wewe hujibu kabla mtu hajamaliza kuuliza. Jambo hili nataka ulisome hadi mwisho, unyamaze kidogo, ndipo unijibu.

Ni habari ya kabati. Najua hutaki kulisikia neno hilo. Siku ya harusi ulikuja mpaka ofisi ya ndoa, ukatumwagia mchele, ukala keki, kisha ukapanda basi la jioni, kwa sababu ulisema mguu wako hautakanyaga nyumba inayolea bangi chumbani. Sikukulaumu. Kule kwetu neno hilo lilikuwa la polisi na la vijana walioharibika. Hata mimi, Wilmar aliponifungulia lile kabati mara ya kwanza, nilirudi nyuma hatua. Nilitegemea kuona nguo. Nikaona mti mmoja wa kijani chini ya taa, umesimama kwa adabu kama mtoto aliyeambiwa asubiri.

Ulikuwa wa marehemu mama yake, Mama Elida. Unamkumbuka alivyokuwa na vidole vilivyojikunja? Maua ya mti ule aliyachemsha na nta na mafuta, akajipaka, na siku hizo aliweza kufunga vifungo vyake mwenyewe. Alianza zamani, kabla sheria haijaruhusu, akiuficha nyuma ya makoti. Wilmar, akiwa bado mwanafunzi wa shule ya msingi, alifundishwa kuwaambia wenzake kwamba ndani ya kabati anakaa mzimu wa babu. Siku hizi nyumba imeandikishwa, mimea haizidi ile sita inayoruhusiwa, hatumwogopi mtu. Lakini mti ni ule ule, mama. Haukuoteshwa tena kwa mbegu. Kila vuli Mama Elida alikata matawi, akayatia mizizi, na mti mzee ukaachwa upumzike. Tawi la tawi la tawi. Wilmar husema mti ule ni mkubwa kwa umri kuliko ndevu zake.

Alipofariki Januari, nguo zake ziligawiwa, kiti chake kilichukuliwa na dada yake Chela. Wilmar hakugombania chochote. Aliomba kabati tu.

Sasa sikiliza nilichokifanya. Asubuhi tuliyoondoka kwenda fungate kule kwenye chemchemi za maji moto, yeye alikuwa nje anapakia mizigo. Mimi nikapita chumba kwa chumba nikiwa nimejaa fahari ya kuwa mwenye nyumba, nikafanya ulivyonifundisha: anayesafiri huacha nyumba imelala. Nikachomoa pasi. Nikachomoa televisheni na jiko la kupashia chumba joto. Nyuma ya kitanda palikuwa na waya mwingine. Nikauchomoa na huo, nikafunga mlango, nikaenda kuoga maji moto na mume wangu kwa siku kadhaa kama malkia.

Tuliporudi, chumba kilinuka unyevu. Wilmar alifungua kabati akasimama tu. Majani yalikuwa ya njano kama karatasi kuukuu, na shina chini limeota ukungu wa kijivu. Akauliza taratibu nani amechomoa plagi ya taa. Nikasema ni mimi. Alikaa kitandani. Baadaye akasema nimefanya kama anavyofanya mke mwema, kosa ni lake kwa kutoniambia. Mama, heri angevunja sahani.

Juu kabisa ya mti palikuwa na matawi machache yenye uhai. Tukayakata pamoja, na ndipo nilipoifahamu kazi hiyo. Unakata kwa mshazari chini ya kifundo, unalitia tawi kwenye maji papo hapo lisimeze hewa. Majani unayapunguza nusu, maana tawi lisilo na mizizi likiwa na majani mengi hutokwa jasho mpaka likafa. Chini unalipaka utomvu wa mshubiri, kisha unalisimamisha kwenye kikombe cha makumbi ya nazi yaliyolowa. Halafu unalifunika, kwa sababu kwa wakati huo linakunywa kwa majani. Tulikosa mfuniko, basi nikaleta ule mfuniko mwangavu wa keki yetu ya harusi. Wilmar alicheka kwa mara ya kwanza tangu turudi. Tukaviweka vikombe juu ya friji, penye joto, taa ndogo ikiviangazia.

Akanikataza kuvuta tawi kuona kama limeshika. Alisema mama yake alikuwa akiwakemea wenye haraka: mtu hamtoi mtoto tumboni ili ahesabu vidole. Mimi sikugusa. Lakini kila jioni nilimwona anainama mbele ya friji na koti mwilini, na mashavu yangu yakangoja zamu yao. Matawi yakaanza kuwa meusi miguuni, moja baada ya jingine. Mama mdogo Chela alikuja kututembelea, akamkuta ameshika lililooza, akamwambia, "Weye Wilmar, umepata mke mbichi kama embe, unalilia jani kavu?" Wilmar akacheka ili asimvunjie heshima. Kisha akatoka kwenda kufagia uani, na mvua inanyesha.

Likabaki tawi moja, na asubuhi moja nililikuta limelala.

Nikavuka kwa jirani yetu Bi Nelly, mwenye mimea yake ya aina nyingine aliyopewa na mjukuu wake. Hapa tawi haliuzwi, mama. Hata adui yako akikuomba, unampa, naye atakuja siku moja na keki au paketi ya yerba. Nikamwomba moja lililokwisha toa mizizi. Akaniuliza la nini, nikamweleza. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwanangu, macho utayadanganya. Na pua je? Huyo amekua akiinusa harufu ile." Lakini akanipa. Tawi la kweli nikalizika chini ya waridi, na la Bi Nelly nikalisimamisha kwenye kikombe kile kile, chini ya mfuniko wa keki.

Wilmar aliporudi alikiinua kikombe polepole. Kwenye tundu la chini palichungulia mzizi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alinikumbatia, akaninyanyua, akanizungusha jikoni hadi buti lake likaangusha sufuria. Nikalia. Nikaamini anadhani nalia kwa furaha.

Siku zikapita. Yeye alimwagilia, akaimba. Mimi nilipika, nikamtazama, nikaona nimemwekea mgeni kwenye kitanda cha mama yake. Jumapili, tambi zikiwa mezani, nilishindwa. Nikamwambia yote, na Bi Nelly, na waridi.

Aliweka uma chini. Akasema alijua tangu siku ya kwanza. Jani la mama yake lina vidole vyembamba na linanukia mchaichai na pilipili manga, hili lina vidole vinene na harufu ya mapera yaliyoiva. Nikamuuliza mbona alinizungusha jikoni namna ile. Akanijibu kwamba aliniwazia nimetoka kwenye baridi kwenda kuomba kwa watu ili yeye asihuzunike, akasema moyoni, mke wangu akitaka nifurahi nitafurahi, na furaha ile ilikuwa ya kweli, ila haikuwa ya mti. Mama! Nimeolewa na mtu wa namna gani? Ningekuwa na maneno ningekueleza.

Lakini kisha akasema, "Basi umekwisha. Mti wa mama umekwisha." Na Wilmar, ambaye mazikoni alikuwa ndiye anayewafuta wengine machozi, akalia mbele ya tambi zilizopoa.

Alipotulia akanieleza desturi ya mama yake. Tawi la kwanza kutoa mizizi kila vuli halikukaa nyumbani. Lilitolewa. Mama Elida alisema anayebaki na yote hupotelewa na yote. Wilmar akaanza kukumbuka waliopewa. La Bi Nelly liliuawa na wadudu. La binamu yake wa Salto liliachwa bila mtu, mwenyewe alipohamia Uhispania. Na la mwisho... Hapo akanitazama, akainamia sahani, akasema hilo lilikwenda kwa kuku.

Mama, hilo lilikuwa lako.

Siku walipokuja kuniposa, Mama Elida alishuka garini na sinia la vitafunwa na kikombe cha mtindi chenye tawi ndani, kilichofungwa gazeti. Ulikipokea kwa ncha za vidole kama anayepokea panya kwa mkia. Ukamwambia asante, kuku watafurahi. Naye akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Basi mkwe mwenzangu, mayai yenu yatajichekea yenyewe." Kisha akakuinamia, na hili ndilo nililolisikia kwa sikio langu: akakuomba, ikiwa hutawapa kuku, usiliache gizani.

Sasa nakueleza alichoniandikia Yanina, wala usimgombeze, alikuwa akilalamika tu. Anasema una chupa nyeusi ya spiriti yenye majani unayojisugulia goti, na akiuliza unamwambia ni majani ya mkaratusi. Anasema mlango wa stoo unaufunga kwa ufunguo. Na anasema kinachomuudhi zaidi ni kwamba taa ya stoo inawaka hadi usiku na humruhusu kuizima. Nilisoma mstari huo mara mbili. Wewe, mama? Wewe uliyetulea tukichomoa redio kabla wimbo haujaisha?

Sikuulizi kitu. Kama sivyo, chana barua hii tusiizungumze tena. Wilmar sijamwambia. Ameuzika mti huo mara moja, sitaki auzike mara ya pili kwa sababu ya matumaini yangu.

Lakini kama ndivyo, nakuomba uingie stoo, ukate tawi la juu, kwa mshazari, chini ya kifundo. Ulifunge kwa gazeti lililolowa, ulitie kwenye mkoba wako chini ya kitambaa, upande basi. Usimpe dereva wala mtu mwingine alilete. Lilete wewe. Mfuniko wa keki nimeuosha, uko juu ya friji. Na hata likikufia njiani, au ukija na mkoba mtupu, njoo tu. Bado hujaiona nyumba yangu, na upande wenye joto wa kitanda nitakuachia wewe.

Mpe Yanina salamu zangu, na majirani wote wanaoniulizia, na jogoo pia. Wilmar anakuamkia kwa heshima, ingawa hajui naandika nini. Ameketi hapa mbele yangu anakula andazi langu. Mungu akulinde na akufungulie barabara.

Mwanao akupendaye,
Noelia