Tunakwenda Lisbon, Wala Hatuna Mtu

La Rochelle, Johannesburg
Jumapili, baada ya adhuhuri

Dada yangu Mwajuma,

Assalaam aleikum, na shikamoo yako. Natumaini barua hii itakukuta umeketi, maana najua ukiisoma umesimama hilo goti litakukumbusha lipo. Linaendeleaje? Yale mafuta ya kuchua yamesaidia, au umempa mtu mwingine mwenye shida kuliko wewe, kama kawaida yako? Na shemeji Bakari, kifua chake kimetulia? Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Baridi imeanza, asubuhi vidole vinakataa kushika sindano mpaka nivipashe kwenye kikombe cha chai, lakini wateja wapo na cherehani inaimba.

Utashangaa nakuandikia wakati simu ipo. Majuzi ulinitumia ujumbe wa sauti, dakika nne nzima, kwa furaha, kwamba umempata Salma, mtoto wa Bi Zuhura wa nyumba ya pili, ambaye ameolewa huko Lisbon, na kwamba yuko tayari kuja kutupokea mimi na Rehema uwanja wa ndege na kutulaza kwake siku zote nne. Nikakujibu, "Asante dada, nitakupigia." Leo ni siku ya kumi sijapiga. Si dharau, dada. Nina jambo la kukuomba kuhusu huyo Salma, na kwenye simu mimi na wewe tunaishia kucheka au kugombana. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Mzee Kombo anarudi Tanga keshokutwa, atakuletea mkononi.

Nianze mwanzo, ili usinione mtovu wa shukrani.

Unajua Rehema ataolewa mwisho wa mwaka huu, na Yusuf atamchukua Durban. Si mbali sana, mtu akitoka asubuhi anafika alasiri, lakini binti akishaolewa hata mtaa wa pili ni mbali. Basi mwezi wa pili alirudi kutoka kazini, akavua viatu mlangoni, akaniambia kabla hajaolewa anataka tuende mahali, mimi na yeye tu. Siku nne. Lisbon, mji mkuu wa Wareno. Alisema kwa Kiingereza, mimi nakuandikia kwa Kiswahili. Ndivyo tunavyoishi humu ndani: mimi namsemesha Kiswahili, yeye ananijibu Kiingereza na Kizulu kidogo, na siku zinakwenda.

Nikamuuliza, "Kuna nani huko?"

"Hakuna mtu."

"Sasa tunakwenda kwa nani?"

"Haibo, Mama! Hatuendi kwa mtu. Tunakwenda Lisbon."

Wewe utanielewa. Sisi tumelelewa hivi: mtu akisema anakwenda kutembea, anakwenda kutembea kwa mtu. Pangani tulikwenda kwa shangazi, Mombasa tulikwenda kwa ami, na mji wenyewe tuliuona tukipita. Anayekwenda mji asikokuwa na mtu ama ni mtalii ama amekimbia kwao. Nikamwambia Rehema hivyo hivyo, akacheka mpaka akakaa chini.

Lisbon hakuiokota hewani. Mtaa huu wetu na ule wa jirani, Rosettenville, zamani ulijaa Wareno, na mpaka leo kuna bibi mmoja wa Kireno mwenye duka la mikate pale kona. Rehema akiwa mdogo nilikuwa namwacha kwake nikikimbia kupeleka nguo za wateja. Alikuwa akimpa vile vikeki vya mayai vilivyoungua kidogo juu, na kumsimulia habari za mji wao, vilima na tramu na nyumba zilizobandikwa vigae nje badala ya kupakwa rangi. Mtoto akakua nazo kichwani.

Basi akaandika mpango, akaubandika kwenye friji. Siku ya kwanza tunafika na kwenda kuuangalia mto, mpana mpaka mgeni anaudhania bahari. Siku ya pili tunapanda tramu ya zamani kwenda kwenye ngome juu ya kilima. Nilipoambiwa kwamba hiyo ngome ilikuwa ya Waislamu kabla Wareno hawajaichukua, nilifurahi, nikasema angalau kuna watu wetu, hata kama wamekufa miaka mamia iliyopita. Siku ya tatu vigae. Siku ya nne vikeki, tuone kama bibi wa kona anatudanganya, halafu uwanja wa ndege. Msikiti upo, nimeuliza. Chakula ni samaki kwa wingi, na samaki hana tatizo. Kilichonitia wasiwasi ni kimoja: kila jioni palikuwa patupu. Hakuandika kitu. Nikajua amesahau, na jioni katika mji wa watu, bila pa kubisha hodi, mtu anafanya nini?

Nikamweleza Mama Neema. Huyu ni Mkongo wa Bukavu, ana saluni ya kusuka nywele ukuta mmoja na duka langu. Akaangusha kitana.

"Weye Mama Rehema! Utaenda kule bila mutu? Haiwezekani! Niko na kaka yangu kule, Papa Selestini. Bibi yake atakupikia muzuri sana."

Mimi nikauliza huyo bibi ana umri gani, nisije nikamchosha mzee wa watu. Kumbe kwao bibi ni mke. Tulicheka, na moyo wangu ukatulia kwa sababu sasa nilikuwa na mtu.

Hapo ndipo nilipoharibu. Rehema alikuwa amejaza fomu za viza zote mbili, ya kwake na yangu, akaniachia yangu niweke sahihi. Kulikuwa na mahali pameandikwa jina la mwenyeji, pako wazi, maana alishaweka hoteli. Dada, niliona aibu. Ilikuwa kana kwamba nimeulizwa nina ndugu nikajibu sina. Nikachukua kalamu yangu, nikaandika: Papa Selestini. Uhusiano: kaka. Sikuona nimedanganya. Mama Neema ni dada yangu hapa, miaka kumi na moja tunaazimana chumvi na mkasi. Kaka yake atakuwa nani kwangu?

Baada ya wiki mbili tukaitwa ofisi ya viza. Rehema aliomba ruhusa kazini, tukaenda pamoja. Kwenye dirisha alikaa mama mmoja wa makamo mwenye miwani, karatasi mbili mbele yake, ya hoteli na ya kaka yangu.

"Huyu ndugu yako," aliniuliza, "ni wa baba mmoja au mama mmoja?"

"Hapana. Ni kaka wa jirani yangu."

"Umewahi kumwona?"

"Bado."

"Amekualika?"

"Dada yake ndiye amenialika."

Alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. Rehema pembeni yangu alifunika uso kwa mkono. Tukaambiwa turudi nyumbani, tuandike maelezo, na maombi yangu yataangaliwa upya, huenda yakakataliwa. Ya Rehema hayakuwa na kasoro. Angeweza kwenda peke yake.

Tulifika kwenye robot, taa za barabarani tunaziita hivyo huku. Ikawaka kijani, ikazima, ikawaka tena, hatujavuka. Alikuwa analia, dada, mwanamke mzima mwenye kitambulisho cha kazi shingoni.

Akaniambia, "Mama, umemweka mtu nisiyemjua ndani ya siku zangu nne."

Nikamwambia nilitaka tusiwe wapweke.

"Nimechagua Lisbon kwa sababu hatuna mtu. Eish, Mama, hapa kila mtu ni wako. Tangu baba afariki sijawahi kula na wewe bila mgeni mezani."

Nilitaka kumbishia. Nikahesabu kichwani, nikakosa hata siku moja. Wewe unajua, kila aliyetoka Tanga kuja Johannesburg alianzia sebuleni kwangu, na aliyetoka Dar, na wale wawili wa Bujumbura waliokaa mwaka mzima. Mlinisifu huko nyumbani kwamba Saumu ana roho nzuri, na sifa hizo nilizipenda. Lakini nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu: niliogopa nyumba tupu. Nilipofiwa na mume wangu niliijaza watu ili nisisikie ukimya, na mtoto wangu akawa anapitia kwenye kona za nyumba yake mwenyewe na sahani mkononi. Inaniuma. Nimeijua hii nikiwa nimesimama barabarani, magari yananipigia honi.

Tuliandika maelezo jioni ile, yeye akiandika na mimi nikisema. Papa Selestini tukamtoa. Mama Neema aliponisikia alininunia siku mbili, ya tatu akaja kuazima mkasi, yakaisha. Na wiki tatu zilizopita viza zikatoka, yake na yangu. Niliposhika pasipoti yangu niliirudiarudia kuifungua, kama ina kitu kinachoweza kudondoka.

Halafu ukaja ujumbe wako wa Salma. Nisikufiche, nilifurahi. Nilisema huyu si wa jirani wa Bukavu, huyu ni wetu, Mtanga, uhalali wa chakula chake haunitii shaka, na jioni zangu zimepata mahali. Nilikuwa nangoja tu nafasi nzuri ya kumwambia Rehema.

Jumapili iliyopita nilikuwa nampindia upindo wa gauni lake la safari. Yeye kasimama juu ya kigoda, mimi chini nimepiga magoti, pini zimejaa mdomoni. Kabla sijazitia nilimuuliza, kwa kuzunguka, hizo jioni za Lisbon tutakuwa tunafanya nini. Nikazitia mdomoni, nikapinda nusu nzima ya upindo. Halafu akajibu kwa Kiswahili. Dada, sikumbuki mara ya mwisho lini.

"Mama, jioni ni ya kuongea. Mimi na wewe. Kiswahili."

Nikazitema pini kiganjani.

"Kule watu hawacheki mimi. Hawajui Kiswahili. Wewe tu unajua." Akatafuta maneno, akayakosa, akayapata. "Mimi nataka kuolewa kama najua kuongea na mama yangu."

Nikaendelea kuchoma pini, nikajichoma kidole. Baadaye, gauni limekwisha, ndipo akanikumbusha kwa Kiingereza ile safari tuliyokuja nyumbani akiwa na miaka tisa. Wewe ulikuwa ukumbini unachambua mchele, yeye alikuwa amekutafuta nyumba nzima, akaja mbio akakurukia mgongoni kwa furaha: "Nimekuoa, mama mkubwa!" Alitaka kusema amekuona. Tulicheka, wewe ulicheka, mimi nilicheka kuliko wote mpaka nikashika mbavu, na wiki nzima watoto wa nyumbani wakamwita bwana harusi. Sisi tuliona ni utani, na ulikuwa utani. Tuliporudi huku akawa ananijibu Kiingereza. Mimi miaka yote hii nililaumu shule.

Sasa unalijua ombi langu. Nakuomba, mwambie Salma asije uwanja wa ndege. Asitupikie, asitutandikie, na namba yangu aiweke tu kwa dharura. Najua ni neno gumu kulipeleka mlango wa pili. Mtu katafutiwa mwenyeji, anakataa! Bi Zuhura atasema Saumu amevimba kichwa, ameanza uzungu. Mwache aseme, lawama zote nitupie mimi. Nimemfungia Bi Zuhura kitenge katika mzigo wa Mzee Kombo, na cha Salma pia kimo, kitamfikia siku yoyote mtu akienda Lisbon. Na wewe, dada, uliyenilea mama alipotutoka, uliyenisukuma mpaka kwenye basi la kuja huku bila kulia mbele yangu, usione nimekukatalia. Ulinitafutia mtu kwa sababu unanipenda. Ni kitu kile kile nilichofanya mimi kwenye fomu.

Tunaondoka wiki ya pili ya mwezi ujao. Tuombee. Ninaogopa vilima, ninaogopa ndege, na zaidi ya vyote ninaziogopa hizo jioni, maana sijui binti yangu atakuwa na mambo gani ya kuniambia. Lakini nakwenda.

Nisalimie shemeji Bakari, mwambie asiache sweta asubuhi. Nisalimie mama mkwe wako na umwambie miwani yake nimeipata, imo humo kwenye mzigo. Mwanao Hamza fundi umeme, mpe pole ya kuanguka ngazini, na mkewe hongera ya uzazi. Shangazi yetu wa Pangani, akifika, mkumbatie kwa ajili yangu.

Tukirudi, Rehema atakupigia mwenyewe. Amesema anataka kukuelezea safari yote, na kwa Kiswahili. Itachukua muda, dada. Atatafuta maneno, mengine atayageuza, na huenda akasema jambo la kuvunja mbavu. Nakuomba usicheke. Funga mlango, watoto watoke nje, ukae naye kwenye simu. Ngoja amalize.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Saumu