Fomu Zilikuwa Mezani Kwangu, Lawama Nikambebesha Mama Fomu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, ila nakusihi usome mpaka mwisho kabla hujanitukana, maana mwenyewe nimeshajitukana vya kutosha.

Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mitatu, nina mke na watoto watatu, na ninasimamia wafanyakazi saba katika ofisi inayohudumia zahanati na hospitali zinazotibu watu wasio na uwezo kwa gharama ya serikali, yaani daktari au muuguzi akikwama na fomu anatupigia sisi, na zahanati ikitaka kuandikishwa upya kila mwaka, karatasi zake haziendi popote bila saini yangu. Kati ya hao saba yupo mama mmoja tunayemwita Mama Fomu, kwa sababu hakuna fomu asiyoijua nje ndani, ndiye aliyenifundisha kazi nilipoajiriwa, na mpaka leo tukiwa wawili ananiita mwanangu.

Sasa miezi mitatu iliyopita zahanati moja ndogo, inayoendeshwa na muuguzi mtu mzima na wasaidizi wawili, ilileta karatasi zake mapema kabisa, Mama Fomu akazikagua, akagonga muhuri wa kupokelewa, akaniwekea mezani, nami nikazilundikia mafaili mengine juu, kwa sababu nilikuwa natafuta cheo na kichwa chote kilikuwa kwenye taarifa ya kuwaonyesha wakubwa jinsi tunavyopokea simu haraka. Akanikumbusha kwa mdomo, nikasema nimesikia. Akabandika kikaratasi cha njano kwenye kompyuta yangu, nikakibandua. Mara ya tatu akaja na kalamu mkononi, akasema, "Tia saini tu, baba, nasubiri hapa hapa," nami mbele ya wote nikamjibu, "Mama, usinifundishe kazi." Wenzake wakainamisha vichwa kama hawakusikia.

Muda wa zahanati ukaisha, ikafutwa kwenye orodha, dawa na bandeji zikasimamishwa. Hapo alikuwa akitibiwa fundi cherehani mwenye kidonda cha sukari, kikisafishwa mara tatu kwa wiki, ikabidi aambiwe aende hospitali kubwa ambayo ni mbali, akashindwa safari, akakaa nyumbani siku kumi na moja, na alipofikishwa walimkata mguu chini ya goti.

Mkurugenzi akaitisha kikao, akauliza, "Faili hili lilikwama kwa nani?" na mshauri, sijui niseme ni shetani au ni mimi tu, nikamtazama Mama Fomu, nikasema dawati lake lilichelewa. Mkurugenzi akamgeukia, "Mama, una la kusema?" Akajibu taratibu, "Msimamizi wangu anajua faili lilikuwa wapi." Kwa kuwa mimi nilishasema lilikwama kwake, wakachukulia kwamba amekiri. Ameondolewa kwenye simu, amepelekwa stoo kupanga mafaili ya zamani, Alhamisi ijayo ana kikao cha nidhamu na amebakiza miezi kumi na minne astaafu. Na ripoti ya kikao hicho naiandika mimi.

Zile karatasi zenye muhuri na tarehe nilizichukua nikazificha nyumbani juu ya kabati, chini ya sanduku. Mke wangu amezikuta, akaniuliza ni za nini, nikamwambia za zamani. Chakula hakipiti. Kila asubuhi nikipita mlango wa stoo Mama Fomu ananisalimia, "Umeamkaje, mwanangu?" nami naharakisha kupita bila kumtazama usoni. Nikisema ukweli nitafukuzwa, wanangu watakula nini? Je, nikiandika kwamba kompyuta ndiyo ilikosea, si wote wawili tutapona?

Msimamizi niliyejaa aibu

JIBU

Bwana Msimamizi,

Nimesoma mpaka mwisho kama ulivyoniomba, kisha nikarudia kutafuta jambo moja ambalo sikulipata. Hujaniambia kama zahanati ile imerudishwa kwenye orodha. Umeeleza aibu yako, watoto wako, chakula chako kisichopita, lakini wagonjwa wengine wa yule muuguzi hukuwataja hata kwa neno. Karatasi ziko juu ya kabati lako! Kwa hiyo hadi unaniandikia, watu bado wanarudishwa mlangoni na vidonda vyao.

Anzia hapo. Zishushe leo, zitie saini, zipeleke kwa mkono wako, na usiondoke hadi uone jina la zahanati limerudi.

Hilo la kompyuta lifute kabisa kichwani. Ukiandika hivyo utakuwa umedanganya mara mbili, na Mama Fomu atastaafu huku watu wakinong'ona kwamba mama yule kuna mambo aliyafanya. Aliyemsema mbele ya watu ndiye atakayemsafisha mbele ya watu hao hao. Mwandikie mkurugenzi kwa jina lako na tarehe zote, mara tatu ulizokumbushwa na jibu ulilotoa, kabla ya Alhamisi. Kisha simama mbele ya wale saba useme.

Na nakuonya: usitangulie stoo kwenda kumlilia. Najua unavyotamani. Utalia, yeye kwa wema wake atakubembeleza, wewe utatoka mwepesi na yeye atabaki na kesi. Kwake nenda ukishakabidhi barua.

Mkeo mwambie leo, maana kama mshahara utakatika, naye anastahili kujua mapema. Siwezi kukuahidi kwamba hutafukuzwa. Nasikitika kwa ajili ya watoto wako, kweli nasikitika, lakini usiwasukume mbele wakukinge.

Kwa fundi cherehani, pitia kwa muuguzi, omba ruhusa. Akikukatalia, ukubali. Akikubali, nenda useme ulichofanya bila neno "lakini" ndani yake, halafu muulize anahitaji nini, usikilize.

Kwamba salamu tu ya yule mama inakukimbiza, hiyo ni dalili kwamba bado hujaoza. Usingoje uizoee. Inuka.

Mshauri wako

(Kwa sababu siku zilikuwa chache, jibu hili nilimtumia moja kwa moja. Baada ya wiki tano aliniandikia tena, akaniruhusu kuchapisha yote.)

Mshauri, zahanati ilirudishwa siku ile ile. Mkurugenzi alisoma barua yangu nikiwa nimesimama, hakuniambia nikae. Nimevuliwa usimamizi, nimekatwa mshahara, mke wangu siku nne hakusema nami. Mama Fomu amepewa nafasi yangu mpaka astaafu. Nilipomwomba radhi alisema, "Nimesikia. Nipe muda," na sijamsogelea tena kwa hilo. Fundi cherehani, kupitia kwa muuguzi, amekataa kuniona.

Mimi sasa napokea simu kama wengine. Juzi nilipokea, nikajitambulisha kwa jina langu, na upande wa pili alikuwa yule muuguzi. Alinitaka nirudie jina, nikarudia. Kisha akasema, "Una kalamu?" Nikasema ninayo. Akasema, "Basi andika," akaanza kunitajia namba ya mgonjwa.